Kwotabeki Nyota Katolewa Tena Kwenye Mtoano: Tafuta Chanzo Kabla ya Kumlaumu

Kila Januari malalamiko ni yale yale. "Msimu mzima anawaka, mtoano ukifika anazimika." "Mamilioni yote yale analipwa kwa kazi gani?" "Tuzo anazo, pete ya ubingwa hana." Anayesemwa, yaani kwotabeki (mrusha pasi anayeongoza ushambuliaji), ndiye hubadilika: zamani Dan Marino na Peyton Manning, leo Lamar Jackson na Josh Allen. Na mara nyingi hukumu hutoka kabla mtu hajatazama mechi ilipotelea wapi.

Mwongozo huu ni wa shabiki wa NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, anayetaka kulaumu kwa haki. Umepangwa kwa dalili, yaani kile unachokiona filimbi ya mwisho ikilia. Chini ya kila dalili kuna vyanzo, kuanzia kinachotokea mara nyingi hadi cha nadra. Anza na ukaguzi mwepesi. Ukipata jibu, usiendelee kuchimbua ili tu upate mtu wa kumsulubu.

Kumbuka kwamba timu ina vikosi vitatu: ushambuliaji, ulinzi, na kikosi maalumu kinachoanzisha mpira na kupiga mikwaju. Kwotabeki yumo katika kimoja tu. Wapinzani wakiwa na mpira, yeye yuko nje ya mstari anatazama kama wewe. Na mtoano ni mechi moja, haina marudiano.

Unachohitaji

Orodha ya mashambulizi (kila shambulizi lilianzia yadi ya ngapi na liliishaje), takwimu za mechi, na video. Orodha ya mashambulizi ndiyo yenye faida kuliko vyote, na ndiyo watu huiruka. Kwa walioko Afrika Mashariki Super Bowl, fainali ya ligi, huanza saa nane na nusu usiku wa kuamkia Jumatatu, kwa hiyo wengi huamkia vipande vya video kwenye simu. Vipande hivyo huonyesha kosa la mwisho. Havikuonyeshi robo tatu zilizotangulia, na mara nyingi mechi ilishaharibika huko.

Dalili ya 1: Alicheza vizuri, pointi zikapatikana, timu ikafungwa

Chanzo kinachoongoza ni ulinzi. Ukaguzi wake ni wa dakika moja: chukua pointi walizofunga wapinzani, ondoa zile zilizotokana moja kwa moja na mipira aliyoipoteza kwotabeki, halafu tazama zilizobaki. Zikizidi 30, umeshapata pa kuanzia.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa tarehe 23 Januari 2022, Kansas City. Josh Allen wa Buffalo Bills alikamilisha pasi 27 kati ya 37 kwa yadi 329, akatoa pasi 4 za tachidauni (mpira kufikishwa eneo la mwisho la wapinzani), na hakuna hata moja iliyonaswa na mpinzani. Zikiwa zimebaki sekunde 13 Bills waliongoza 36 kwa 33. Wenyeji, Kansas City Chiefs, walihitaji pasi mbili tu: moja ya yadi 19 kwa Tyreek Hill, nyingine ya yadi 25 kwa Travis Kelce. Harrison Butker akapiga mkwaju wa yadi 49, sare. Katika muda wa nyongeza sarafu ikawaangukia Chiefs, wakapata mpira kwanza, wakafunga tachidauni, mechi ikaisha 42 kwa 36. Allen hakuugusa mpira tena.

Msimu ule ulinzi wa Bills ndio ulioruhusu pointi chache kuliko wote kwenye ligi. Sifa ya msimu haikusaidia kitu kwa zile sekunde 13.

Chanzo cha pili ni maamuzi ya benchi. Baada ya kupata uongozi, Bills walianzisha mpira kwa teke refu lililofika eneo la mwisho, na saa haikusogea hata sekunde moja. Teke fupi la chini lingewalazimisha Chiefs kuokota mpira na kukimbia nao, na muda ungepungua. Kisha walinzi wakasimama mbali mno, wakaacha katikati wazi. Hayo ni mambo ya makocha, kwotabeki hapewi nafasi ya kuyapigia kura.

Chanzo cha nadra ni sheria. Machi 2022 ligi ilibadilisha kanuni ya muda wa nyongeza katika mtoano ili kila timu ipate mpira walau mara moja. Ni mara chache kanuni kuguswa haraka hivyo, na mechi hii ilikuwa sababu kubwa.

Ukidhani Allen ni kesi ya peke yake, tazama Super Bowl ya Februari 2018. Tom Brady alirusha yadi 505, rekodi ya Super Bowl, pasi 3 za tachidauni, hakuna iliyonaswa. New England Patriots walifungwa na Philadelphia Eagles 41 kwa 33. Brady alipoteza mpira mmoja mwishoni, Brandon Graham alipoupangusa mkononi mwake, na hilo ni lake. Lakini timu iliyoruhusu pointi 41 ilihitaji nini zaidi kutoka kwake?

SIMAMA HAPA: kwotabeki akiwa na pointi 30 na zaidi, na hana mpira alioupoteza ukazaa tachidauni, funga faili. Kusema "angefunga moja zaidi" ni kumdai mtu deni ambalo hakulikopa.

Dalili ya 2: Ushambuliaji uliotisha msimu mzima umekwama

Hapa ndipo lawama nyingi hukosea njia, kwa sababu macho yote yako kwa mwenye mpira. Anza na safu ya mbele, wale watano wanaomkinga. Nani hakucheza? Nani alihamishwa nafasi? Aliangushwa mara ngapi na mpira mkononi? Majibu yapo kwenye ripoti ya mechi, huhitaji utaalamu wowote.

Februari 2021 Patrick Mahomes wa Chiefs aliingia Super Bowl dhidi ya Tampa Bay Buccaneers akiwa hana wakingaji wake wote wawili wa pembeni. Mitchell Schwartz alikuwa na tatizo la mgongo, na Eric Fisher alikuwa amekatika kano ya kisigino wiki mbili kabla. Buccaneers hawakuhitaji hata kuongeza watu wa kumvamia: wanne wa mbele walitosha, waliobaki wakarudi nyuma kufunga njia za pasi ndefu. Chiefs walimaliza na pointi 9, bila tachidauni, wakafungwa 31 kwa 9. Takwimu za Mahomes ni mbaya: pasi 26 kati ya 49, mbili zilinaswa. Ila rudia lile jaribio la nne (la mwisho kabla ya kuachia mpira) la robo ya mwisho. Amekimbizwa hadi nyuma kabisa, ameshikwa, mwili umelala hewani sambamba na nyasi, na bado mpira unatoka mkononi mwake unafika eneo la mwisho, unampiga mwenzake Darrel Williams kwenye kofia usoni, unaanguka chini. Kwenye takwimu hiyo ni pasi moja isiyokamilika, basi.

Matengenezo yaliyofuata yanathibitisha ugonjwa ulikuwa wapi. Mwaka 2021 Chiefs hawakugusa nafasi ya kwotabeki. Walimsajili Joe Thuney, wakamleta Orlando Brown Jr., wakawachagua chipukizi Creed Humphrey na Trey Smith, wote watu wa safu ya mbele. Februari 2023 walikutana na Eagles, timu iliyokuwa imeangusha makwotabeki mara 70 msimu ule. Mahomes hakuangushwa hata mara moja, wakashinda 38 kwa 35. Miaka miwili baadaye tatizo likarudi: Thuney akiwa amehamishiwa pembeni, Eagles wakamwangusha Mahomes mara 6 bila kuongeza mvamizi hata mmoja, wakashinda 40 kwa 22. Safari hii naye ana sehemu yake. Pasi yake aliyoinasa Cooper DeJean na kukimbia nayo hadi tachidauni ilikuwa uamuzi mbaya, na sioni sababu ya kuupamba.

Safu ya mbele ikiwa salama, kagua mpango wa mchezo. Hesabu mara wakimbiaji walipopewa mpira, ulinganishe na desturi ya timu hiyo. Msimu wa 2023 Baltimore Ravens walikuwa wa kwanza kwenye ligi kwa yadi za kukimbia. Tarehe 28 Januari 2024, nyumbani kwao, fainali ya AFC (moja ya matawi mawili ya ligi) dhidi ya Chiefs, wakimbiaji wao walipewa mpira mara 6 mechi nzima. Sita! Na hawakuwa nyuma kwa pengo kubwa: walifungwa 17 kwa 10, na ulinzi wao haukuruhusu hata pointi moja kipindi cha pili. Timu iliacha silaha yake kuu kabatini.

Ugonjwa huu ni wa zamani. Marino, katika msimu wake wa pili, mwaka 1984, alirusha yadi 5,084 na pasi 48 za tachidauni, halafu akaingia Super Bowl ya Januari 1985 na Miami Dolphins wakakimbia mara 9 tu, kwa yadi 25. San Francisco 49ers wakajua kila mara kwamba pasi inakuja. Matokeo 38 kwa 16. Marino alistaafu baada ya msimu wa 1999 bila kurudi Super Bowl, na mpaka leo anatajwa kama nyota asiye na pete, ilhali wakimbiaji wa siku ile hakuna anayewakumbuka.

Chanzo cha nadra kuliko vyote katika dalili hii ni kwotabeki mwenyewe kuganda. Kinakuwepo, lakini utakiona kwa video tu: mpokeaji yuko wazi, wakingaji wamesimama imara, naye anashika mpira mpaka anazingirwa.

SIMAMA HAPA: kamera ya televisheni hufuata mpira, kwa hiyo huoni wapokeaji waliokimbilia mbali. Usiseme "mbona fulani alikuwa wazi" kwa picha iliyogandishwa ya simu. Tafuta video ya pembe ya juu inayoonyesha wachezaji wote 22, na kama huna, muachie kazi hiyo mchambuzi aliyeitazama.

Dalili ya 3: Pasi zimenaswa, mipira imepotea

Hii ndiyo dalili ambayo kwotabeki ana kesi ya kujibu mara nyingi zaidi. Nasema hivi kwa sababu wapo mashabiki ambao huhamishia kila kosa la kipenzi chao kwa mtu mwingine, na hao nao wanapotosha sawa na wapiga kelele.

Chanzo cha kwanza basi ni uamuzi wake. Jiulize: alikuwa na njia nyingine salama? Tarehe 24 Januari 2010, New Orleans, fainali ya NFC (lile tawi lingine), sare 28 kwa 28, zimebaki sekunde chache. Brett Favre wa Minnesota Vikings anakimbilia kulia, mbele yake kuna nafasi ya kusogea yadi kadhaa na kumrahisishia mpiga mkwaju. Badala yake anarusha kinyume na mwelekeo wa mwili wake, katikati ya uwanja. Tracy Porter anainasa. Wenyeji, New Orleans Saints, wanashinda kwenye muda wa nyongeza, 31 kwa 28. Pasi ile ni ya Favre, asilimia mia.

Lakini mechi? Hapo endelea na ukaguzi. Vikings walikuwa na yadi 475 dhidi ya 257 za Saints, na walipoteza mipira 5 jumla, 3 kati yake ikiwa imeangushwa. Na kabla tu ya pasi ile waliadhibiwa yadi 5 kwa kuwa na watu 12 badala ya 11 kwenye kikao cha uwanjani cha kupanga mchezo, kosa la benchi lililowasogeza mbali na goli. Pasi ilikuwa jiwe la mwisho kwenye mzigo uliokwisha kuwa mzito.

Chanzo cha pili: mpinzani anajua unachofanya. Januari 2003 Rich Gannon, mchezaji bora wa ligi msimu ule, alinaswa pasi 5 na Buccaneers, 3 zikarudishwa hadi tachidauni. Kocha wa Buccaneers, Jon Gruden, ndiye aliyekuwa kocha wa Gannon pale Oakland Raiders mwaka uliotangulia, na Raiders walikuwa bado wanatumia mfumo wake. Gannon alirusha zile pasi, ndiyo, ila aliyempeleka vitani na ramani iliyo mikononi mwa adui hakuwa yeye.

Cha tatu ni mpokeaji: mpira umemgonga mikononi ukaruka juu, au amekimbia njia isiyo yake. Ukiona kwotabeki karusha mahali pasipo na mtu kabisa, usiharakishe kumtukana. Huenda mtu alitakiwa kuwa pale.

SIMAMA HAPA: nani alikosea njia hujulikana na wale wenye kitabu cha mipango ya timu. Kocha asiposema, na wachezaji wasiposema, acha.

Dalili ya 4: Mechi imepotea kwa tukio moja la mwisho

Swali la kwanza: kwotabeki aliiacha timu mahali pa kushinda? Kama jibu ni ndiyo, mengi yameshaisha. Januari 1991 Jim Kelly aliwafikisha Bills umbali wa mkwaju wa yadi 47; Scott Norwood akaupiga nje kulia, New York Giants wakashinda 20 kwa 19. Januari 2024 Allen akawafikisha umbali wa yadi 44. Tyler Bass naye akapiga nje kulia, Chiefs 27 kwa 24. Januari 2025 Lamar Jackson wa Ravens aliongoza shambulizi zima hadi tachidauni, na ikiwa imebaki dakika 1 na sekunde 33 akampa Mark Andrews pasi ya pointi mbili za kusawazisha. Ilimfika mikononi. Ikaponyoka. Bills 27, Ravens 25.

Chanzo kingine ni uchaguzi wa mchezo. Februari 2015 Seattle Seahawks walikuwa yadi moja kutoka ubingwa, jaribio la pili, sekunde 26, na mkimbiaji wao Marshawn Lynch yumo uwanjani. Benchi likaita pasi. Malcolm Butler wa Patriots akainasa mbele ya mpokeaji Ricardo Lockette. Kwotabeki Russell Wilson alirusha alichoagizwa, na kocha Pete Carroll alibeba lawama hadharani, jambo ninaloliheshimu mpaka leo.

Onyo la dalili hii ni zito kuliko mengine. Bass alitumiwa vitisho, akafunga kurasa zake za mitandao. Mashabiki wengine wa Buffalo, kwa kumuunga mkono, wakachangia fedha kituo cha kuokoa paka alichokuwa akikisaidia. Ukijikuta unaandika ujumbe kwa mchezaji au familia yake usiku wa mechi, zima simu.

Dalili ya 5: Hakuwa yeye

Hawezi kurusha mbali, anachechemea, anarusha fupi fupi. Chanzo cha kwanza kukagua ni jeraha. Januari 2023 Brock Purdy wa 49ers aliumizwa kiwiko mapema dhidi ya Eagles, mbadala wake Josh Johnson naye akatoka kwa mtikisiko wa ubongo, na Purdy akalazimika kurudi uwanjani akiwa hawezi kurusha pasi ya maana. Walifungwa 31 kwa 7. Hakuna hukumu inayoweza kutolewa hapo.

SIMAMA HAPA kabisa: usimpime mchezaji ubongo kupitia televisheni. NFL huweka madaktari huru wa mishipa ya fahamu pembeni mwa uwanja, nao ndio wenye kauli.

Dalili ya 6: Hujirudia kila mwaka

Kabla ya kusema "ana pepo la mtoano", hesabu mechi. Msimu wa kawaida una mechi 17. Mtoano unaweza kumpa moja, mbili, mara chache nne, na zote dhidi ya timu bora. Kisha angalia kama aliyemtoa ni yule yule. Allen ametolewa na Chiefs misimu ya 2020, 2021, 2023 na 2024.

Ukaguzi wa pili ni kikosi kilichomzunguka, na hapa Manning ndiye somo. Januari 2004 alinaswa pasi 4 huko New England, 3 na Ty Law peke yake, na jina la "hawezi mtoano" likamganda. Msimu wa 2006 akatwaa ubingwa na Indianapolis Colts. Je, alibadilika? Katika mtoano huo alitoa pasi 3 za tachidauni, na 7 zikanaswa. Kilichobadilika ni ulinzi: mlinzi Bob Sanders alirudi kutoka majeruhi, Chiefs wakaishia pointi 8, Ravens pointi 6. Miaka tisa baadaye, Februari 2016, akiwa Denver Broncos, alirusha yadi 141, hakuna pasi ya tachidauni, na akavaa pete ya pili kwa sababu mlinzi Von Miller na wenzake waliwabana Carolina Panthers hadi 24 kwa 10. Waliomlaumu aliposhindwa akiwa bora, wangefanya vyema kueleza alishindaje akiwa dhaifu.

Ya tatu ni fedha. Septemba 2024 Dak Prescott alisaini mkataba wa wastani wa dola milioni 60 kwa mwaka pale Dallas Cowboys, wakati ukomo wa mishahara ya timu nzima mwaka ule ulikuwa dola milioni 255.4. Mzigo huo hupunguza watu wanaoweza kusajiliwa kumzunguka. Lakini aliyeukubali ni mwenye timu, na kupokea mshahara uliopewa si kosa la uwanjani.

Chanzo cha mwisho, cha nadra lakini kipo: kosa la aina moja, lake mwenyewe, dhidi ya wapinzani tofauti. Hapa lazima nimtaje Jackson, ambaye ninamwona miongoni mwa wachezaji bora waliowahi kushika nafasi hii. Dhidi ya Tennessee Titans Januari 2020 pasi mbili zilinaswa na mpira mmoja ukaanguka. Dhidi ya Bills Januari 2021 moja ilinaswa karibu na goli, Taron Johnson akairudisha yadi 101. Dhidi ya Chiefs 2024 alipoteza mpira mmoja kwa kupokonywa, na pasi nyingine aliirusha eneo la mwisho penye walinzi watatu. Dhidi ya Bills 2025, kabla ya ile pasi ya Andrews, mpira mmoja ulinaswa na mwingine ukamponyoka kipindi cha kwanza. Wakimbiaji sita, mpokeaji Zay Flowers kuangusha mpira mlangoni mwa goli, mikono ya Andrews: yote ni kweli, na yote yaandikwe. Sehemu ya Jackson nayo iandikwe pembeni yao, kwa wino ule ule. Akirudi mtoano, usihesabu yadi zake. Hesabu mipira aliyoipoteza kabla ya mapumziko, maana hicho ndicho kipimo kitakachoonyesha kama tatizo limetibiwa.